Kuzima Mlinzi wa Gari si Ushujaa

Katika motokaa nyingi za siku hizi, karibu na usukani au chini ya redio, mna kitufe kidogo chenye picha ya gari na nyuma yake mistari miwili iliyopindapinda kama njia ya nyoka mchangani. Wengi wetu wenye magari, na wengi zaidi tunaopanda ya wenzetu, hatujapata kukigusa kitufe hicho wala kuuliza kazi yake. Lakini vijana wanakijua vyema. Wakikaa barazani wakayazungumza magari, hasa yale ya mbio, maneno hayaishi mpaka mmoja ajisifu kwamba lake "amelizima kila kitu", yaani amemwondoa yule mlinzi wa ndani ya gari, na sasa ni yeye na lami.

Tungependa leo kukizungumza kitufe hicho, na tutaanzia mbali kidogo na bahari, Kiganjo. Hatusemi Kiganjo ya Nyeri yenye chuo cha polisi, ambayo wengi ndiyo waijuayo kwa jina. Twasema Kiganjo ya Thika, kitongoji cha watu wa kazi na wapangaji. Msomaji wa Mombasa au Malindi atauliza Kiganjo inamhusu nini. Inamhusu. Gari linalovuma Thika leo, jana lilishushwa gatini Kilindini. Tena Thika na Mombasa ni ndugu katika kazi hii ya magari: Thika kuna kiwanda kilichoanza miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya, ambacho sasa ni Kenya Vehicle Manufacturers, na kwetu Mombasa kuna Associated Vehicle Assemblers, na vyote viwili vimeunganisha magari kwa miaka mingi. Halafu, watoto wetu wako huko. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika, na kile cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia kiko Juja, njia hiyo hiyo. Mzazi wa Kisauni au wa Lamu ambaye mwanawe amepanga chumba upande ule hawezi kusema barabara ya Thika si habari yake.

Liko na jambo jingine lililotufanya tuichague Kiganjo. Mtu wa pale huishi na njia za namna mbili. Ndani ya vitongoji vya Thika mna njia za udongo ambazo masika yakinyesha hugeuka tope la kuvuta kiatu mguuni. Na mwendo mfupi kutoka hapo ndiyo ile baraste kubwa ya kwenda Nairobi, kilomita 50 hivi, iliyofunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mwezi wa Novemba 2012 baada ya kugharimu zaidi ya shilingi bilioni 30. Kitufe tunachokizungumza kina hukumu moja penye tope na hukumu nyingine kabisa penye lami.

Kwanza tumjue huyo mlinzi anafanya nini, maana wengi wanaomzima hawajui wanamzima nani. Kila gurudumu la gari lina sensa yake inayohesabu mizunguko. Usukani una sensa yake, inayoeleza dereva anataka kwenda wapi. Katikati ya gari mna kifaa kingine kinachopima gari linageuka kwa upesi gani na linasukumwa ubavuni kwa nguvu gani. Kompyuta ndogo huzipokea habari hizo zote na kuzilinganisha mara nyingi katika kila sekunde: dereva anataka nini, na gari linafanya nini? Vikiafikiana, kompyuta hunyamaza. Vikihitilafiana, hushika breki ya gurudumu moja peke yake, jambo ambalo hapana dereva aliyezaliwa na mwanamke awezaye kulifanya, kwa kuwa sisi tumepewa pedali moja tu ya breki kwa magurudumu yote manne. Mkia wa gari ukitaka kukipita kichwa, hushikwa gurudumu la mbele la upande wa nje wa kona. Gari likikataa kukata kona na kutaka kwenda moja kwa moja shimoni, hushikwa la nyuma la upande wa ndani. Wakati huo huo injini hupunguziwa nguvu, hata kama dereva bado amekanyaga mafuta. Ana na ndugu yake mdogo ambaye kazi yake ni kuyazuia magurudumu yasizunguke bure wakati gari linapoondoka kwa nguvu.

Ufundi huu haukushuka siku moja. Breki zisizojifunga, zile ziitwazo ABS, ziliingia katika Mercedes kubwa mwaka 1978, kazi ya kampuni ya Bosch ya Ujerumani. Miaka ya 1980 ukafuata ule wa kuyazuia magurudumu yasizunguke bure. Mlinzi mwenyewe kamili alitokea mwaka 1995, tena katika Mercedes ya bei ya kutisha, na watu wakadhani ni anasa ya matajiri. Kilichomteremsha kwa watu wa kawaida ni aibu. Oktoba 1997 waandishi wa gazeti moja la magari la Sweden waliipeleka Mercedes ndogo, ile A-Class iliyokuwa mpya kabisa, wakaikwepesha ghafula kushoto na kulia kama dereva anayemkwepa mnyama mkubwa barabarani. Gari likapinduka. Kampuni ikasimamisha mauzo, ikalirekebisha, na ikamtia mlinzi huyu ndani ya kila A-Class, ingawa gari lenyewe halikuwa la bei kubwa. Baadaye serikali zikamfanya sheria. Marekani ilitoa amri mwaka 2007, ikakamilika kwa magari ya mwaka 2012. Ulaya ilianza na aina mpya za magari Novemba 2011, na kufikia Novemba 2014 hapakuwa na gari jipya dogo lililoruhusiwa kuuzwa bila ya yeye. Wamarekani walipofanya hesabu zao walikadiria kwamba mlinzi huyu hupunguza kwa asilimia 34 zile ajali ambazo gari dogo huanguka lenyewe bila kugongana na jingine, na kwa magari marefu ya mwituni asilimia 59.

Hata hivyo tusimpe sifa asizokuwa nazo. Mlinzi hawezi kuzua mshiko pale ambapo tairi halina mshiko. Tairi lililolika likawa kama kipara, au lililonunuliwa kuukuu likiwa na umri wa miaka kumi, halina dawa kwenye kompyuta. Wala hawezi kumwokoa aingiaye kona ya kilomita 60 akiwa na 130. Yeye hugawa vizuri mshiko uliopo, basi.

Sasa tusikilize hoja ya vijana, maana si yote ya kipumbavu. Wanasema mlinzi humkata dereva stimu: anakanyaga mafuta na gari halitii. Ni kweli, na ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Wanasema tena kwamba watengenezaji wenyewe ndio walioweka kitufe cha kuzimia, na kama kuzima ni haramu mbona wameruhusu? Hapa pana jibu, nalo limo katika kile kitabu kinachokuja na gari, ambacho kwa bahati mbaya hufika Mombasa kimeandikwa Kijapani na kuishia kufungiwa karanga. Gari likikwama katika tope au mchanga, magurudumu lazima yapewe ruhusa ya kuzunguka ili yajichimbue. Mlinzi asiyejua kwamba umekwama atakata nguvu ya injini kila unapojaribu kutoka, na utakaa hapo mpaka alasiri. Kwa hiyo mwenye gari aliyekwama nje ya lango lake Kiganjo wakati wa masika, au katika mchanga wa njia za Watamu, ana haki ya kukibonyeza kitufe kile, ajitoe taratibu, kisha akirudishe. Katika magari mengi mbonyezo mfupi humzima yule ndugu mdogo tu; ukishikilia sekunde kadhaa ndipo mlinzi mwenyewe anapoondoka. Na katika mengi ukizima injini na kuiwasha tena, wote wawili hurudi kazini bila kuitwa. Hilo peke yake linaonyesha mtengenezaji alikusudia nini: ruhusa ya saa moja, si talaka.

Liko na eneo jingine ambalo kuzima kuna haki yake, nalo ni michezo. Sisi watu wa pwani hatuwezi kusema mbio ni dhambi. Nani hajasimama ufukoni Lamu wakati wa Maulidi akayaona mashua yakishindana, mabaharia wamejitupa nje kwenye ubao kulipimia chombo uzani, tanga limejaa mpaka mtu anashika roho? Nahodha wa mbio hucheza na farumi yake, hupunguza hapa akaongeza pale, na hakuna anayemlaumu, kwa sababu yuko na mabaharia waliokubali, juu ya maji ambayo hapana mtoto anayeyavuka kwenda dukani. Lakini nahodha huyo huyo akipakia abiria wa kwenda Pate, akawatupa mifuko ya farumi baharini ili chombo kiwe chepesi na watu wamsifu, tungemwita jina gani?

Wakubwa wa Safari Rally nao walikimbia bila ya mlinzi, kwa sababu alikuwa hajazaliwa. Mbio zile zilianza mwaka 1953. Joginder Singh alizishinda mara tatu, 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta mara tano, na wazee wetu wanakumbuka zilivyokuwa zikiteremka hadi pwani na kupita katika njia ambazo zilikuwa wazi kwa kila mtu, ng'ombe na baiskeli. Ndiyo sababu moja ya mambo kubadilishwa. Rali iliporudi katika mashindano ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, ilirudi na njia za mbio zilizofungwa, madaktari wamewekwa tayari, na dereva amefungwa mikanda ndani ya kizimba cha vyuma. Katika kaunti hiyo hiyo ya Kiambu ambamo Kiganjo imo, wapenzi wa magari wamekuwa na mbio zao za KiambuRing, ambapo njia hufungwa na magari huondoka moja moja kushindana na saa. Huko mtu akizima mlinzi wake, amezima chake.

Ndugu zetu walioko Ghuba wanayajua haya kwa uchungu zaidi. Huko Saudia vijana waliufanya mchezo wa kuyaserereshea magari kwenye barabara kuu kuwa kama wazimu wa kizazi, kwa jina la tafhit, na watazamaji waliojipanga kandokando waliuawa pamoja na waliokuwa ndani ya magari. Mwaka 2016 serikali ikapandisha adhabu: kosa la kwanza faini ya riyali 20,000 na gari kushikwa siku 15, na kuendelea juu kwa anayerudia. Wajapani, ambao ndio walioukuza mchezo wenyewe katika njia za milimani, walikwisha uhamishia viwanjani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na hapo ukawa kazi ya watu ya mshahara na kikombe. Maskati nako chama cha magari cha Oman kimewajengea vijana mahali pa kuserereka, uzio huku na watazamaji kule. Kijana mwenye damu moto hakuambiwa aache. Alionyeshwa mahali.

Thika Road si mahali pale. Ina njia nyingi kila upande na ni laini, na usiku inamdanganya mtu kwamba ameachiwa yeye peke yake. Lakini ile si baraste ya jangwani. Imepita katikati ya watu: Githurai, Kahawa, Ruiru, Juja. Ina madaraja ya waendao kwa miguu, lakini kila aipitaye ameona watu wakiruka ukingo na kukatiza chini, kwa haraka au kwa kuogopa wezi wa juu ya daraja, na kondakta akiteremsha abiria pasipokuwa kituo. Kwa kilomita 100 kwa saa gari hupita mita 28 hivi katika kila sekunde. Kwa 140 hupita mita 39, na nguvu ya kishindo chake inakaribia kuwa maradufu ya ile ya 100. Dereva wa kawaida anahitaji kiasi cha sekunde nzima kuona, kuelewa na kukanyaga. Ndani ya sekunde hiyo mama aliyebeba gunia la mboga amekwisha kuingia njiani, na jambo pekee ambalo dereva anaweza kulifanya ni kukwepa ghafula, kushoto na kulia, sawasawa na wale waandishi wa Sweden. Mlinzi aliwekwa kwa ajili ya dakika hiyo. Naye amezimwa, kwa sababu mwenye gari aliaga barazani kwa mbwembwe.

Katika Kenya zaidi ya watu 4,000 wamekuwa wakifa barabarani kila mwaka katika miaka ya karibuni, na kundi kubwa kuliko yote ni la waendao kwa miguu. Hao hawana kitufe cha kubonyeza.

Mwaka 2019 magazeti yalijaa habari za Toyota Mark X, mpaka watu wakalipa gari lile sura ya jini. Baadhi walitaka lizuiwe bandarini. Kwa maoni yetu hilo lilikuwa ni kumpiga punda kwa kosa la mwenyewe. Mark X ni gari la watu wazima lenye injini ya nguvu, na mengi yake husukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo mkia wake ni mwepesi wa kutoka dereva akikanyaga mafuta katika kona yenye maji. Mlinzi akiwa kazini, dereva huyo angesikia mtetemo mdogo tu na kuiona taa ikimetameta. Akiwa amezimwa, gari humtii dereva yule yule kwa ukamilifu, mpaka kwenye nguzo. Na hayo hayo ni ya Subaru na Lancer za mbio ambazo vijana wanazipenda: husifiwa kwa kushika njia kwa magurudumu yote manne, na kijana akasahau kwamba magurudumu manne yanayosukuma si magurudumu manane yanayosimamisha.

Tukitazama nyuma tutaona kwamba jambo hili ni la zamani katika nchi yetu, limebadili nguo tu. Februari 2004 waziri wa uchukuzi wa wakati huo, marehemu John Michuki, alipozisimamia kanuni zake, kila matatu ilitakiwa iwe na gavana wa kuizuia isizidi kilomita 80 kwa saa, na kila kiti kiwe na mkanda. Nchi nzima ilishangaa kwamba inawezekana. Lakini haukupita muda mrefu, mafundi wakajua waya wa kukata, na madereva wakajua kumrudisha gavana kazini wanapokaribia kizuizi cha polisi na kumfungua wakikipita. Mikanda ikawa ya kuwekwa mapajani wakati askari anachungulia. Leo kuna hata kipande cha chuma cha kuchomeka katika tundu la mkanda ili gari linyamaze lisilie. Yote hayo yanaitwa ujanja, na mwenye kuyajua huheshimiwa kuliko anayefunga mkanda wake kimya kimya. Ukurasa huu unahusu utamaduni, nasi hatuoni haya kusema kwamba hii sasa ni sehemu ya utamaduni wetu, ya bara na pwani pia: kila kilinzi kikija, swali la kwanza ni namna ya kukishinda.

Na lugha yenyewe imetusaidia kujificha. Neno ajali tumelipata kwa Waarabu, na kwao maana yake ni ule muda aliopangiwa mja, usiosogea mbele wala kurudi nyuma. Sisi tukalichukua tukaliita kila gongano barabarani, likiwa la breki mbovu au la ulevi. Kisha tukaongeza methali juu yake, kwamba ajali haina kinga. Msibani hapana anayethubutu kuuliza gari lilikuwa na kasi gani. Huonekana ni kumkosea adabu Muumba. Lakini kila aliyekaa darasani kwa shekhe hata mwezi mmoja anaijua habari ya bedui aliyemwacha ngamia wake bila kumfunga kwa kisingizio cha tawakali, na anajua aliambiwa nini. Qadari haikatazi kamba. Aliyemfungua ngamia kwa mkono wake mwenyewe, akamwachia sokoni penye watoto, hawezi kulisingizia jambo hilo majaaliwa. Hata sheria ya nchi imelitenga: kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, kwa kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki, adhabu yake yafika kifungo cha miaka kumi.

Mpaka hapa tumewasema wanaozima kwa majivuno. Lakini kuna kundi jingine ambalo hofu yetu kwalo ni kubwa zaidi, nalo ni la wale wanaoendesha magari yaliyozimwa bila wenyewe kujua. Gari la Japani huingia nchini likiwa halijazidi miaka minane, na hukaguliwa huko linakotoka kabla ya kupandishwa melini. Kisha huanza maisha yake ya pili katika mashimo yetu. Waya wa sensa ya gurudumu hukatika. Fundi hubadilisha beringi yenye pete ya sumaku na kuipachika kinyume, sensa ikawa kipofu. Usukani hufunguliwa na kufungwa, na sensa yake haisawazishwi tena. Taa ya manjano huwaka katika dashibodi. Dawa yake aghalabu si ya bei kubwa: ni kuunganisha gari na mashine ya kusoma makosa, kujua ni gurudumu gani, na kutengeneza. Lakini ipo dawa nyingine ya dakika tano, ya kung'oa fyuzi, na ikiwa taa bado inawaka, kuing'oa taa yenyewe au kuibandika utepe mweusi kwa nyuma. Wajanja zaidi huiunganisha na taa nyingine ili iwake na kuzimika pamoja nayo, mnunuzi asishuku.

Anayefanya hivyo hamwondoi mlinzi peke yake. Katika magari mengi fyuzi ile ndiyo ya ABS, na kwa hiyo breki zisizojifunga zimekwenda pia, pamoja na ule mpango unaogawa nguvu ya breki baina ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Gari lililotengenezwa likitegemea mpango huo, likikanyagwa ghafula kwenye lami yenye maji, magurudumu ya nyuma yanaweza kujifunga kabla ya yale ya mbele, na hapo litazunguka kama pia. Kijana wa Kiganjo aliyezima kwa kitufe anajua amezima, na kesho akiwasha gari mlinzi atakuwa amerudi. Mama mwalimu aliyenunua gari la taa iliyong'olewa haendi na mlinzi leo, wala kesho, na anaamini anaye, kwa kuwa aliambiwa hivyo siku ya kuhesabu pesa.

Hapa tunasema na watu wetu wenyewe, maana yadi za magari za Mombasa nyingi ziko mikononi mwa watu wanaosimama safu moja nasi Ijumaa. Kuificha aibu ya bidhaa katika biashara ni jambo ambalo hukumu yake hailazimu kutafutwa vitabuni. Muuza maziwa akitia maji tunamtangaza mtaa mzima. Muuza gari aking'oa taa ya breki tunamwita hodari wa kuuza.

Kwa mnunuzi, mambo ya kuangalia si magumu. Gari likiwa limezimwa, funguo izungushwe mpaka hatua ya kabla ya kuwaka injini, na dashibodi itazamwe. Taa ya ABS na ile ya gari lenye mistari miwili lazima ziwake, kisha baada ya sekunde chache, au injini ikiwaka, zizimike. Ikiwaka isizimike, kuna ubovu. Ikiwa haiwaki kabisa, na gari la aina hiyo linajulikana kuwa nayo, kuna mtu aliyeiondoa, na mnunuzi amuulize muuzaji mbele ya shahidi. Kifuniko cha fyuzi kifunguliwe. Matairi yote manne yawe ya kipimo kimoja, maana yakihitilafiana sensa nazo zitahitilafiana. Na fundi mwenye ile mashine ya kusoma makosa alipwe kabla ya pesa za gari kutoka, si baadaye.

Wanaosimamia ukaguzi wa magari nchini nao wafanye taa hizi kuwa sehemu ya kwanza ya kazi yao, kwa sababu kuzitazama hakuhitaji hata kuinua gari. Vilabu vya vijana wenye magari ya mbio, vya Thika na vya Mombasa, viombe viwanja na siku za kufungiwa njia, na kaunti ziwasikilize badala ya kuwatumia polisi peke yake. Mombasa haina uwanja wa namna hiyo ambao kijana wa kawaida anaweza kuingia Jumamosi kwa ada ndogo, na vijana wetu wana magari yale yale. Na wenye yadi waanze na jambo moja lisilo na gharama: katika hati ya mauziano, chini ya namba ya injini na namba ya chesesi, waongeze mstari wa kusema taa ya ABS na taa ya mlinzi zinawaka na kuzimika, kisha mwenye yadi atie sahihi yake hapo. Wale ambao tayari wanafanya hivyo tunawaomba watuandikie, tupate kueleza katika ukurasa huu namna wanavyofanya na wateja wao wanasemaje.